Laini mbili, kadi moja, na nafasi hazitoshi

Ndugu mhariri,

Mimi ni mama muuza vitenge hapa Busia, upande wa Uganda. Simu ndiyo duka langu. Kila mzigo ukiingia navipiga picha, nawatumia wateja kwa WhatsApp.

Mwezi uliopita simu yangu ya GB 32 ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Fundi aliifungua, akatikisa kichwa. Picha za vitenge zilizokuwa ndani ya WhatsApp zilikwenda na maji. Lakini memori kadi ilikuwa nzima! Niliichomeka kwenye simu ya jirani, nikamwona marehemu baba akicheka kwenye harusi ya dada yangu. Nililia pale pale, mteja kasimama.

Sasa dukani nimeona simu mbili. Moja ina GB 128 na pa kuweka memori kadi. Nyingine ina GB 256, haina pa kuweka kadi kabisa, na bei yake imeizidi ya kwanza kwa shilingi 180,000 za Uganda. Mpwa wangu ananisukuma nichukue ya pili. Anasema kadi inafanya kazi polepole kuliko memori ya ndani, programu nyingi hazikubali kuhamia huko, na hata Samsung waliiondoa nafasi ya kadi kwenye Galaxy S21 mwaka 2021. Eti iPhone haijawahi kuwa nayo na wenyewe hawalalamiki. Nikamwambia wenye iPhone hawauzi vitenge mpakani.

Kinachoniumiza kichwa ni hiki: ile ya GB 128 ina nafasi mbili tu. Ukiweka kadi, laini ya pili huna pa kuiweka. Nami nina laini ya Uganda ya kupokelea pesa za huku, na ya Kenya kwa wateja wa ng'ambo wanaolipa kwa M-Pesa. Niitoe ipi?

Kuhifadhi Google nimejaribu. GB 15 za bure zimejaa, maana tangu Juni 2021 picha mpya zote zinahesabiwa humo. Kuongeza ni kulipa kila mwezi, na bando bado.

Halafu kadi zenyewe si za kuaminika zote. Mwaka juzi niliuziwa moja iliyoandikwa GB 512 kwa bei ya kutupa. Kabla haijafika hata robo, picha zikaanza kufunguka nusu, nusu kijivu. Kumbe ni kadi ndogo iliyochezewa ijitangaze kubwa.

Nifanyeje? Niongeze hizo 180,000, kisha picha za familia niwe nazihamishia kwenye flashi ya kuchomeka pale pa chaji? Kitu kidogo vile naogopa kukipoteza sokoni. Au nitafute simu ya nafasi tatu, hata kama kamera yake ni hafifu? Rangi ya kitenge ikidanganya pichani, mteja anarudisha mzigo.

Mwenye duka amekubali kunishikia hadi Ijumaa.

Mama Vitenge,
Busia