Wifi yangu wa Nakuru, mpake na baba yao pia

Wifi yangu,

Simu zangu huzishiki siku hizi, na kaka yako amechoka kutumwa kati yetu. Nasikia kitinda mimba wako bado halali. Akishajifunika, mwili ukapata joto, mwasho unaamka naye mpaka alfajiri. Nasikia pia umemfukuza msichana wa kazi ukisema ndiye aliyekuletea uchafu.

Huo si uchafu, wifi. Ni upele, na upele hauchagui nyumba. Utitiri, yaani mdudu wake, ni mdogo hata nusu milimita haufiki. Jike hutoboa ngozi ya juu, akachimba kijia na kutaga mayai humo humo. Mtu anayejikuna hadi damu anaweza kuwa na wadudu 10 hadi 15 tu mwili mzima. Aoge mara tatu kwa siku, sabuni itapita juu yao.

Halafu hesabu. Asiyewahi kuugua hukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kuwashwa, na muda huo wote anaweza kuambukiza wengine. Tulipomzika mama, watoto wetu walilala pamoja pale sebuleni Butere, godoro moja, blanketi moja, matanga yote. Mwezi ulipopita wako wakaanza kujikuna, wangu nao vilevile. Nani alimpa nani? Hakuna awezaye kujua, na mimi sijawahi kukunyoshea kidole.

Lakini ile siku ya kumbukumbu imenikaa rohoni. Nilikuwa nimeushika mkono wa mtoto, nimeugeuza kwenye mwanga: vijia vyembamba vya kijivu katikati ya vidole, vipele vimejipanga kwenye kiwiko cha mkono. Ukamnyakua mbele ya shangazi wote, ukampeleka nyuma ya jikoni, ukamsugua kwa gunzi la mahindi na maji ya chumvi uliyotia Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, ili watu waone mtoto wako anaogeshwa. Alilia mpaka sauti ikakauka. Gunzi halimfikii mdudu, wifi. Linachubua ngozi, na Jik inaiunguza, kisha bakteria wanapata mlango. Ndiyo, nilipaza sauti. Unawaambia watu nilikuaibisha siku ya mama. Mtoto anachunwa ngozi, ningenyamaza ili nani apate heshima?

Sasa nisikilize, maana najua unampenda kuliko nafsi yako. Ile krimu ya kemisti iliyochanganywa na steroidi iache. Inatuliza mwasho na kufifisha vipele, huku mdudu anaendelea kuzaa chini. Nunua krimu ya permethrini ya asilimia 5, dawa ya kumuua huyo mdudu. Mtu mzima hutumia kama gramu 30 kwa mpako mmoja, kwa hiyo tyubu moja ndogo haiwezi kugawanywa kwa watu wanne. Ukikosa, kuna benzili benzoeti ya asilimia 25, ile BBE nyeupe ya maji. Inachoma sana penye michubuko, na ya mtoto huchanganywa na maji kiasi sawa. Wa umri wa kunyonya usimpake kabla hujamwonyesha kwenye kituo cha afya.

Mpako ni usiku, ngozi ikiwa kavu na imepoa. Ukipaka mtu aliyetoka tu kwenye maji moto, dawa itamchoma zaidi. Anza shingoni ushuke hadi nyayo: katikati ya vidole, chini ya kucha zilizokatwa, kwapani, kitovuni, chini ya matiti, makalioni, sehemu za siri kwa nje. Mdogo mpake na kichwani, ukikwepa macho na mdomo. Permethrini ikae saa 8 hadi 14. Akinawa mikono, mpake mikono tena. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Rudia baada ya siku 7, kwa ajili ya waliokuwa mayai mara ya kwanza.

Na wote wapakwe usiku mmoja. Shemeji anasema hawashwi, haidhuru, apakwe. Yule wa bweni, zungumza na matroni apakwe usiku huo huo. Msichana uliyemfukuza mtumie pesa ya dawa, maana blanketi alilojifunika lilikuwa lako.

Asubuhi yake fua shuka, nguo na taulo kwa maji moto, uanike juani. Mablanketi mazito yasiyokauka kwa baridi ya Nakuru yafungie kwenye sanduku la bati la shule kwa wiki moja. Mdudu akikosa mwili wa mtu, kwa kawaida hamalizi siku 3. Godoro halihitaji kuchomwa wala kumwagiwa dawa ya kunguni.

Mwasho utabaki wiki 2 hadi 4 baada ya dawa, maana mwili unaendelea kupigana na mabaki ya wadudu waliokufa. Usipake BBE kila siku kwa hasira. Utamletea mwasho mpya wa dawa yenyewe. Tumia kitambaa cha maji baridi, losheni ya kalamaini, na soksi laini mikononi akilala. Lakini akipata usaha na homa, au aamke uso umevimba na mkojo una rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, usingoje hata saa moja, mpeleke hospitali. Vidonda vya upele huweza kufika kwenye figo.

Kwetu Kisumu tulishamaliza mipako yote miwili. Mkianza Ijumaa hii, wa pili utakuwa umepita kabla shule hazijafungwa, na nataka watoto waje kwangu likizo hii. Sitawatengea godoro. Shemeji akikataa kupakwa, niambie, kaka yako ndiye atakayempigia.