Asante, mama wa Hamm
Mama uliyenisaidia stesheni ya Hamm, Ujerumani, nakushukuru mbele ya watu. Nilikuwa natoka Berlin kwenda Köln peke yangu, begi mgongoni. Treni ile ilikatwa vipande viwili pale Hamm: nusu ilikwenda Köln, nusu Düsseldorf. Tangazo lilikuwa la Kijerumani kitupu. Wewe uliiona tiketi kwenye simu yangu, ukainuka papo hapo. Ukalishusha begi, ukalibeba mwenyewe, tukakimbia nje hadi mabehewa ya Köln, maana kwa ndani hakuna pa kupitia. Ukasimama mlangoni mpaka nikapanda, ndipo ukarudi mbio kwenye kiti chako. Hata jina sikuwahi kukuuliza. Wasafiri wenzangu, mkimwona mgeni anahangaika na tiketi, mwulizeni anakwenda wapi.