Mheshimiwa, ni kisanduku kimoja tu

Kwako Mheshimiwa unayesimamia elimu ya ufundi,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Ngamiani, Tanga, mikono ingali inanuka vanishi. Mimi ni mama na kazi yangu ni kusuka mota, yaani kuzifunga upya waya mota za umeme zilizoungua.

Jumanne nilijaza fomu ya stashahada ya uhandisi wa umeme inayosomwa kwa njia ya mtandao, ile uliyotuahidi uwanjani kwamba inakuja kwa ajili ya watu kama sisi. Nililipa ada ya maombi (hairudishwi, wamesisitiza kwa wino mwekundu), kisha nikafika kwenye kisanduku cha alama ya fizikia ya kidato cha nne. Nikikiacha wazi, mfumo hausogei.

Sina fizikia, Mheshimiwa. Nilipata ujauzito kidato cha pili, miaka mingi kabla ya Novemba 2021, wasichana wenzangu waliporuhusiwa kurudi darasani. Nikapitia QT, ule mtihani wa maarifa kwa walio nje ya shule, kisha nikafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hisabati nimefaulu. Fizikia inataka maabara, na kituo changu kilikuwa na madawati na ubao.

Lakini mota ya fezi tatu naifumua, nahesabu mizunguko, nachagua unene wa waya, nasuka upya. Nikikosea koili moja inaungua, na shaba nalipa mwenyewe. Sheria ya Ohm nimeijua kwa kuunguza kabla sijaijua jina! Jina nimelipata kwenye masomo ya bure mtandaoni ya MIT, chuo kikuu cha Marekani, waliyotangaza tangu 2001. Nayatazama kwa bando la usiku, mtoto akishalala. Cheti hawatoi. Cheti kiko kwako.

Nadhani fomu hiyo ilinakiliwa tu kutoka ile ya vijana waliotoka shuleni jana. Au mnaogopa tutashusha viwango? Basi nipimeni. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini. Kwa nini ujuzi huo ufie kwenye fomu yako?

Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Uganda linaishia hapa hapa Chongoleani. Wahandisi watatoka kwingine, sisi tutawauzia mihogo getini. Hongera kwetu.

Bando ni ghali, umeme unakatika, hayo leo nayaacha. Naomba kisanduku kile kiongezwe maneno matatu: "au ujuzi wa kazini". Manne, samahani, nimehesabu vibaya kwa hasira. Dirisha linafungwa Ijumaa. Kisanduku tu, Mheshimiwa.

Mama fundi mota,
Ngamiani, Tanga