Shukrani kwa mama aliyeinusuru gramafoni ya watoto

Mama uliyeketi nyuma kabisa siku watoto walipokusanyika kusikiliza gramafoni hapa Sedalia, mji wa jimbo la Missouri, Marekani, jina lako hatukulipata, ila shukrani tunazitoa hadharani. Santuri ya Maple Leaf Rag, muziki wa piano wa mtunzi Scott Joplin uliochapishwa mwaka 1899, ilikuwa ikivuta sauti na kukwaruza. Watoto walishaziba masikio.

Ulianza na sindano. Ya chuma hucheza upande mmoja tu kisha hutupwa, maana ncha iliyolika huharibu mifereji ya santuri. Ukakaza springi bila kuilazimisha, mwendo ukarudi mizunguko 78 kwa dakika. Ukamzuia aliyeshika spiriti ili kuisafisha santuri: huyeyusha shelaki, malighafi ya santuri hizi za zamani! Kitambaa laini kikavu kilitosha.

Kilichotugusa zaidi ni makofi. Nusu ya watoto walipiga miguu moja-mbili, kama mkono wa kushoto wa mpiga piano. Wengine wakapiga makofi katikati ya mapigo. Ragtime, mtindo huu wa muziki wa mapigo yanayopishana, ikaeleweka bila hotuba. Kisha kila mmoja akaimba ndani ya kikombe cha karatasi, kidole kikigusa kitako, akausikia mtetemo kama ule uliosukuma sindano ya Thomas Edison, mvumbuzi wa mashine ya kurekodi na kucheza sauti, kwenye karatasi ya bati mwaka 1877.

Ahsante sana, mama. Wenye gramafoni zilizolala darini, zileteni kwa watoto, pamoja na pakiti ya sindano mpya.