Wauza miche watuonyeshe kovu la kubebesha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wauzaji wa miche ya matunda, na niwaombe wenye mamlaka watutazame sisi wanunuzi.

Mwaka 2014, alipozaliwa mjukuu wangu wa kwanza, nilinunua miche sita ya miembe kwa kijana aliyekuwa akiitembeza kwa toroli hapa Ujiji. Mche wa kawaida ulikuwa shilingi 1,000. Wake aliuuza 5,000, akasema umebebeshwa, yaani kikonyo, kitawi cha mwembe unaozaa vizuri, kimeunganishwa kwenye mche wa kokwa, na mwaka wa tatu nitakula embe. Nilimpa 30,000 pale pale. Mimi nauza dagaa. Hiyo ilikuwa faida yangu ya wiki nzima.

Tuliitunza hasa. Kiangazi chote maji ndoo mbili kila jioni, majivu shinani kwa ajili ya mchwa, miiba pembeni kuzuia mbuzi. Ikanawiri mpaka wapita njia wakaisifia. Mwaka wa tatu ikatoa majani mapya mekundu, ua hata moja hakuna. Wa nne hivyo hivyo. Wa tano hivyo hivyo. Majirani wakaniambia hiyo ni miembe dume, niitishie. Nikaikata magome kwa panga na kupigilia misumari, kama nilivyowaona wazee wakifanya. Mmoja ukaoza pale pale nilipoukata, ukafa. Naumia nikikumbuka, kwa sababu mwembe hauna dume: maua ya kiume na yale yenye jinsia zote mbili hukaa katika kishada kimoja.

Mwaka 2021 ndipo bwana shamba alipopita. Alipiga goti, akafukua udongo kidogo, akapitisha kidole gumba kwenye shina polepole toka chini hadi usawa wa goti. Kisha akaniambia, "Mama, hapa hapajabebeshwa kitu." Akanipeleka kwa jirani mwenye mti wa kweli. Chini kidogo ya goti palikuwa na kovu, gome la chini limekwaruzika na la juu laini, na shina limepinda kidogo pale lilipounganishwa. Yangu ilinyooka kama mwanzi. Ilikuwa miche ya kokwa, ambayo huchukua miaka mingi kuzaa, tena embe zake si lazima zifanane na za mama.

Wenzangu wa Ujiji, kubebesha si jambo geni kwetu. Mwembe wa zamani wa hapa Ujiji, pale walipokutana wasafiri Stanley na Livingstone mwaka 1871, sasa umeshakufa, na husimuliwa kwamba miembe iliyopo pale leo ilibebeshwa kutoka kwake. Basi kwa nini tuuziwe kokwa kwa bei ya kikonyo?

Muuzaji aliyenidanganya simjui aliko, na 30,000 yangu nimeshaisamehe. Miaka saba sijaisamehe. Mtu akikuuzia kitenge kibovu unakijua kikifuliwa mara ya kwanza; mche mbovu unaujua ukiwa umeshazeeka.

Naomba halmashauri zetu na TOSCI, wasimamizi wa ubora wa mbegu nchini, wawafikie wauza miche wa barabarani kabla ya mvua za kwanza, si wale wenye vitalu vikubwa tu. Kila mche ufungwe kipande cha karatasi ngumu: ni wa kokwa au umebebeshwa, ni aina gani, kikonyo kimetoka mti gani. Miche ya kokwa iendelee kuuzwa, ina kivuli kizuri na bei yake ni ndogo, ila iitwe kwa jina lake. Nasi wanunuzi tuiname tushike shina kabla ya kutoa fedha.

Bwana shamba hakuniacha hivi hivi. Alikata miwili kati ya mitano iliyobaki, tukasubiri ichipue, kisha akabebesha vikonyo vya dodo kwenye machipukizi na kuvifunga kwa utepe wa nailoni. Msimu uliopita mjukuu wangu alihesabu embe 14. Kwa sasa ana urefu wa kunifikia begani.

Mitatu bado haijakatwa. Kama kuna msomaji wa Ujiji au Mwanga mwenye mwembe wa bolibo unaozaa vizuri, namwomba aniruhusu nikate vikonyo vichache. Nitakuja na dagaa.

Muuza dagaa,
Ujiji, Kigoma