Usiache kazi, hamisha pepa

Shosti, za siku mbili tatu?

Meseji yako ya saa saba usiku nimeikuta asubuhi, na kabla hata sijaisoma nikaangalia saa uliyotuma nikajua tu, huyu katoka kufunga hesabu za mwezi, hajalala, na kitabu cha FR, lile pepa letu la taarifa za fedha, kiko mapajani. Niambie kama nimekosea.

Umeniuliza uache kazi ukae usome tu mpaka umalize, au uachane na ACCA, hii mitihani yetu ya uhasibu, uendelee na kazi yako kwa amani. Mi nasema usiache chochote, na kazi ndio usiiguse kabisa, maana ile miezi 36 ya uzoefu wanayoitaka na yale malengo 9 ambayo msimamizi wako anatakiwa akusainie utayapata wapi ukiwa umejifungia ndani na vitabu? Unaweza ukamaliza mapepa yote 13 na bado usiwe mwanachama kwa sababu hujafanya kazi. Saa saba usiku mtu hayakumbuki hayo, sikulaumu.

Ngoja nikwambie kitu ambacho sikukwambia wakati ule kwa sababu ya aibu. FR mara ya kwanza nilipata 46. Kupasi ni 50 unajua mwenyewe. Alama nne! Bora ningepata 20 nisingeumia vile. Nililia chooni kazini, nikanawa uso, nikarudi mezani kumalizia usuluhisho wa benki, ile kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki, maana ulikuwa unasubiriwa siku hiyohiyo. Halafu wiki mbili nzima najiambia sikujituma, sikujituma. Uongo mtupu, nilijituma mpaka nikakonda, ila saa nilizozitumia hazikuwa saa za mtu kusoma.

Mambo yalikuwa hivi. Natoka ofisini saa mbili, nafika naoga nakula, saa tatu na nusu nafungua kitabu, nasoma kurasa kumi nazipaka ile rangi ya njano, nafunga nalala najiona shujaa. Sasa kuna siku akaunti ya benki imenigomea, tofauti ya 360. Nimeihangaikia tangu saa kumi jioni hadi saa tano usiku, nimepitia miamala mmoja mmoja, nimechapisha taarifa ya benki nikaweka vema kwa kalamu, wapi. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nafungua tu laptopu ikanijia, 360 inagawanyika kwa 9, na tofauti ya hivyo mara nyingi ni kwamba kuna mtu kageuza tarakimu. Dakika nne nikaiona, 1,620 imeingizwa 1,260. Na aliyeingiza ni mimi mwenyewe, tuyaache hayo. Ujanja wa 9 tulifundishwa siku za mwanzo kabisa, hata mtoto wa mafunzo anaujua, na mimi usiku ule haukunijia hata kidogo. Ndio nikakaa nikajiuliza, kama usiku siwezi kuona tarakimu mbili zilizopishana, hii mikataba ya kukodi ninayosoma usiku huohuo huwa inaingia wapi?

Hapo ndipo nilipohamia asubuhi. Nalala saa nne, naamka kumi na moja, saa moja na nusu ya kusoma kabla hata simu haijaanza kulia. Ni muda mdogo kuliko ule wa usiku na mwanzoni roho iliniuma, nikaona nacheza na mtihani. Ila ndio uliobaki kichwani. Zile wiki za kufunga mwezi sisomi kabisa, nimeacha kujidanganya.

Kingine kilichoniangusha ni kazi yenyewe, na hapa usikilize vizuri maana najua na wewe unajiamini kwa sababu unafanya mahesabu kila siku. Mi nilikuwa naingiza mambo ya IFRS 16, kile kiwango cha uhasibu cha mikataba ya kukodi, kila mwezi, nikasema hili swali wakilileta nimepona. Kumbe nilichokuwa nafanya ni kuchukua faili la Excel la mwezi uliopita, nabadilisha tarehe, namba zinajileta zenyewe, naposti. Karatasi hiyo ilitengenezwa na mtu aliyeondoka zamani, wala sijawahi kuangalia ndani fomula inasemaje. Kwenye mtihani wakaleta mkataba ambao malipo yanafanyika mwanzo wa mwaka. Unatakiwa kwanza uondoe lile lililolipwa siku ya kwanza, halafu riba uihesabu kwenye kilichobaki. Mimi nikapiga riba kwanza kwenye deni lote ndio nikatoa malipo, kama yanalipwa mwisho wa mwaka, na makosa yakatembea hadi kwenye mizania. Kitu ninachokifanya kila mwezi kazini! Kwa hiyo kazi inakusaidia kuelewa lugha na kutoogopa namba, ila inakufundisha njia moja tu, ile ya ofisini kwenu.

Ndio maana mara ya pili kitabu nilikipa wiki chache nikakiweka pembeni, nikahamia kwenye maswali. Na maswali kwa saa, sio unafanya huku unachungulia jibu. Pepa ni masaa matatu alama 100, yaani dakika 1.8 kwa alama moja, swali la alama 20 lina dakika 36 na zikiisha unaondoka hata kama mizania haijabalansi. Hiyo kwa mhasibu ni mateso jamani, sisi tumezoea kukaa na tofauti hadi iishe, tunakesha nayo. Mtihani hautaki hivyo. Mara ya kwanza nilikaa karibu saa nzima kwenye swali la kuunganisha kampuni mama na kampuni tanzu natafuta mizania ilipokataa, wakati swali la kuchambua uwiano, maneno tu yale na namba kidogo, nimeligusa dakika za mwisho. Zile alama nne naamini zilikuwa pale.

Haya, tuje kwenye ratiba yako sasa, maana hapa ndio nilitaka kukugombeza. Unataka kufanya FR na AA, lile pepa la ukaguzi, pamoja, Machi. Kampuni yenu inafunga mwaka Desemba. Januari unatengeneza hesabu za mwaka, Februari wakaguzi wamekaa kwenye kile chumba cha mikutano wanakuomba ankara ya mwezi wa tatu mwaka jana, na Machi mosi hawajaondoka. Utasoma lini? Yaani hata mtu asiyelala hawezi. Halafu kuna hili ambalo sijui kwa nini hatulisemi kwa sauti, mitihani yetu iko mara nne kwa mwaka, Machi, Juni, Septemba na Desemba, na huwa inaangukia ile wiki ya kwanza ya mwezi. Wiki ya kwanza ya mwezi! Wiki ambayo kila mhasibu duniani anafunga mwezi uliopita. Sijui aliyeipanga aliwahi kufunga hesabu au vipi.

Kwa hiyo hilo gongano halikwepeki, lipo tu, na mimi mara ya kwanza nililinyamazia. Sikumwambia mtu ofisini kwamba nina mtihani, naona aibu nikifeli watajua, nikaomba ruhusa ya siku moja nikisingizia mambo ya familia, na usiku wa kuamkia mtihani niko naingiza zile gharama ambazo ankara zake hazijafika. Mara ya pili nikabadilika. Wiki nane kabla nilienda kwa bosi na ratiba ya kufunga mwezi nimeichapisha, nimezungushia siku tatu, nikamwambia hizi siku sipo, na hizi kazi zangu zinazoangukia hapo fulani amekubali kuzishika, mimi namshikia kuhesabu stoku mwisho wa mwezi unaofuata. Nilikuwa nimeshaongea na mwenzangu kabla. Bosi akaangalia ile karatasi, akauliza swali moja tu, nani atapitia kazi yake, nikamjibu, akasema sawa. Miezi yote ile naogopa, maongezi hayakumaliza dakika tano. Ningeenda na malalamiko ya nimechoka nina mtihani nadhani angeniambia sote tumechoka, na angekuwa sahihi. Stoku lakini niliilipa, siku mbili nimesimama stoo nahesabu maboksi hadi miguu inawaka moto.

Na wapo mabosi ambao hata na karatasi hawakubali, najua, niliwahi kuwa na wa hivyo. Huyo wako sijui, ila hujamuuliza, umeniambia mwenyewe "hatakubali yule". Umejuaje?

Ninachokuomba ni hivi. AA iondoe kabisa kwa sasa, na FR isogeze Juni. Najua utasema unachelewa, wenzako wako mbele, yule mliyeanza naye keshafika mapepa ya mwisho. Yule haguswi na wakaguzi kila Februari, au labda anaguswa ana njia zake, hatujui maisha yake. Aprili na Mei kwenu kumetulia, unapata asubuhi zako za kutosha, kisha hizo siku tatu za Juni ukaziombe mapema kwa karatasi. Ukiona hata hiyo haiwezekani hapo ndio tukae tuzungumze habari ya kubadilisha kazi, ila kubadilisha, sio kuacha.

Nitumie ratiba yenu ya kufunga mwezi kabla hujabonyeza kitu chochote kwenye usajili. Na kile kifaili chenu cha mikataba ya kukodi kifungue, usome fomula zote, mstari kwa mstari, halafu uniambie malipo yenu ni ya mwanzo au mwisho wa mwaka. Nipigie Jumamosi asubuhi, usiku sipokei siku hizi.

Wako wa siku zote,
Mwenye 46