Barua kwa vijana wanaoanza kazi kwenye kampuni za teknolojia

Wanangu,

Nasikia mmeshakabidhiwa kompyuta, kadi za mlangoni na fulana zenye nembo. Hongereni. Wiki ya kwanza mtaelezwa mengi kuhusu bima, likizo na hisa (hizo za hisa msomeni mkataba wenyewe, msitosheke na maneno ya mkutanoni, mara nyingi huja kidogo kidogo kwa miaka minne). Lakini kuna moja hamtaambiwa, acheni niwaambie mimi niliyezeekea humo: mtaharibu. Sisemi huenda. Siku moja utaandika amri, utabonyeza, na kabla kidole hakijainuka utakuwa umeshajua.

Yangu ilinikuta mwaka wa pili. Nilifuta jedwali la wateja nikidhani niko kwenye mfumo wa majaribio. Madirisha mawili meusi ya kuandikia amri yalikuwa wazi, moja la majaribio na jingine la mfumo halisi, yamefanana kama pacha. Kufuta kwenyewe hakukuwa msiba. Msiba ni dakika arobaini nilizokaa kimya nikihangaika kurudisha peke yangu ili wenzangu wasijue. Humo humo ikafika saa ya programu ya usiku, nayo ikanakili ule utupu juu ya nakala ya akiba. Ningepaza sauti mapema, mtu angeizuia. Ile amri nimeshajisamehe. Zile dakika bado.

Msidhani ni sisi wadogo tu. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watu misimbo ya programu zao, alikusudia kusafisha seva ya pili ya kanzidata (kompyuta inayotunza data), akafuta ile kuu. Walipokimbilia nakala za akiba, njia walizozitegemea zikakutwa hazifanyi kazi. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla, kwa sababu nyingine kabisa. Data ya hizo saa sita ikapotea. Kampuni haikujificha: ilifungua waraka wake wa kazi hata watu wa nje wakausoma huku ukarabati ukiendelea.

Mwezi haujatimia, yakawa ya Amazon, ambayo seva zake hutumiwa na tovuti za watu wengi. Mfanyakazi aliyekuwa akichunguza mfumo wa ankara alikosea sehemu moja ya amri, zikaondolewa seva nyingi kuliko alivyokusudia, na tovuti chungu nzima zikalala kwa saa kadhaa. Baadaye walibadilisha chombo chenyewe: kikawa kinaondoa seva polepole, na kinakataa kushuka chini ya kiwango cha lazima.

Hapo ndipo pa kuipimia kampuni yako, si kwenye kahawa ya bure. Mambo yakiharibika, sikiliza swali la kwanza kutoka kwa wakubwa. Wakiuliza "nani?", watu watajifunza kuficha, na siku itafika moshi utaonekana na wateja kabla yenu. Wakiuliza "imewezekanaje?", kaa hapo, hata kama mshahara wa jirani ni mnono zaidi. Nimewahi kukaa mahali pa "nani" miaka mitatu. Nilikuwa nahifadhi jumbe za wenzangu kama ushahidi wa kesi. Maisha gani hayo?

Najua mnachoogopa, kufukuzwa. Lakini tazameni: Novemba 2022 Meta, kampuni mama ya Facebook, ilitangaza kupunguza watu zaidi ya 11,000, na Januari 2023 kampuni mama ya Google ikatangaza takriban 12,000. Hawakuteleza vidole wote hao. Wapo waliofanya kazi bila doa, wakaamka wamefungiwa barua pepe. Sasa ukificha kosa ili ulinde kibarua, unalinda nini hasa?

Kwa hiyo ukiharibu, andika kwenye kundi la zamu saa hiyo hiyo: nimefanya hiki, saa fulani, nahitaji msaada. Usianze na maelezo ya kujitetea, yatapata muda wake. Na kabla ya zamu yenu ya kwanza ya usiku, badilisheni rangi ya dirisha la mfumo halisi liwe jekundu. Langu ni jekundu mpaka leo.

Mzee wenu